Asali imechacha, imeganda au imekataliwa maabara: jinsi ya kutafuta chanzo

Ndoo ikifunguliwa ikakutwa na povu, au chupa ikiganda rafuni, neno la kwanza midomoni mwa watu ni "feki". Neno hilo limewavunja moyo warina asali wengi waaminifu. Wala halimkamati mchakachuaji, kwa sababu anayejua kuchakachua huanza kwa kuhakikisha bidhaa yake inang'aa, ni nzito na haigandi.

Hapa tunaanza na kile unachokiona, iwe ndani ya ndoo au kwenye karatasi ya majibu ya maabara, kisha tunarudi nyuma kukitafuta kilichosababisha. Karibu kila tatizo lina vyanzo viwili au vitatu vyenye sura moja, na kinachovitenganisha ni kipimo cha pili kinachosomwa pamoja na cha kwanza. Usitoe hukumu kwa dalili moja.

Viwango ninavyovitaja, nisipotaja chanzo kingine, ni vya Codex Alimentarius, yaani kanuni za kimataifa za chakula, kiwango cha asali CXS 12-1981, ambacho nchi nyingi zimekitumia kama msingi wa sheria zao. Kiliandikwa kwa ajili ya nyuki wa asali wa kawaida, wenye mwiba. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni nyepesi na chachu kwa asili yake, na maji ya asilimia 25 hadi 35 kwake ni jambo la kawaida. Malaysia iliitungia kiwango chake mwaka 2017, ikaruhusu maji hadi asilimia 35 kwa asali ghafi. Ukiipima asali hiyo kwa rula ya nyuki wa kawaida utaikataa yote ilhali haina kosa.

Povu, harufu ya pombe, kifuniko kimevimba

Kwanza hakikisha ni kuchacha kweli. Asali iliyotoka kukamuliwa kwenye mashine huwa imemeza hewa, na hewa hiyo hupanda juu na kufanya povu jeupe kwa siku mbili au tatu. Povu hilo halinuki. Liengue, funika, subiri. Likirudi tena, na ukifungua kifuniko unasikia mlio wa hewa ikitoka pamoja na harufu ya pombe au siki, hiyo imechacha.

Kinachochachusha ni hamira zinazostahimili sukari nyingi, hasa za jamii ya Zygosaccharomyces. Zimo kwenye maua, kwenye mzinga, na kwenye vyombo vyako pia. Huwezi kuzimaliza, ila unaweza kuzinyima maji. Codex inataka maji yasizidi asilimia 20, na wengi huichukua namba hiyo kama mpaka wa usalama. Sivyo. Ni mpaka wa kisheria tu. Tangu miaka ya 1930 imejulikana kwamba asali yenye maji chini ya asilimia 17.1 haichachi hata ikiwa na hamira nyingi. Kati ya 17.1 na 18 inategemea wingi wa hamira. Ikifika 19 hadi 20, hata hamira chache mno zinatosha kuanzisha kazi. Mtu aliyeuza asali ya asilimia 19.8 hajavunja sheria, ila ameweka sokoni asali ambayo huenda ikachacha kabla haijaisha.

Sasa, maji hayo yaliingiaje? Mrina mmoja mzee aliniletea ndoo mbili siku moja, zote zina povu. Akasema, "Mwanangu, nimevuna siku moja, mizinga ileile. Nimekosea wapi?" Kwenye ndoo ya kwanza nilichukua tone la juu kabisa, kipima maji kikasoma 22.5. Nikazamisha kijiko kirefu hadi chini, nikapata 18. Ndoo ya pili ilisoma 21 juu na 21 chini. Hapo makosa yalikuwa mawili tofauti. Ndoo ya kwanza ilikuwa na ufa mwembamba ukingoni mwa kifuniko, mwembamba kiasi kwamba aliuona tu nilipopitisha ukucha juu yake. Asali ilikuwa imenyonya unyevu wa hewa kupitia hapo. Ya pili ilijazwa kwa masega ambayo nyuki hawakuwa wamemaliza kuyaziba. "Kumbe hii ya pili niliivuna mbichi, mwanangu," akasema, na alikuwa amesema kweli.

Kumbuka kipimo hicho cha juu na chini, kwa sababu hakigharimu chochote. Tofauti kubwa inaelekeza kwenye kifuniko au ghala lenye unyevu, na usawa unaelekeza kwenye uvunaji. Asali huvuta maji hewani hadi ilingane na hewa hiyo. Kwenye hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 60 itatulia karibu na maji asilimia 18.3, na kwenye hewa ya asilimia 70 itapanda hadi takriban 24. Chumba cha kukamulia kilichoachwa wazi msimu wa mvua kinaweza kuiharibu asali iliyoivishwa vizuri na nyuki.

Kwa upande wa uvunaji, chukua fremu ambazo angalau robo tatu ya vijumba vyake vimezibwa kwa nta. Kwa vile visivyozibwa, ishike fremu ikiwa imelala na uitikise kwa nguvu mara moja juu ya mzinga. Matone yakiruka, irudishe. Hili ni jaribio la zamani na halijazeeka.

Wapo wanaovuna mbichi kwa makusudi kisha wakakausha asali kwa mashine. Apimondia, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafugaji nyuki, limesema wazi kwamba kuvuna asali isiyoiva na kuipunguza maji kwa mitambo ni udanganyifu, kwa kuwa kuivisha ni kazi ya nyuki, na vimeng'enya wanavyoviongeza wakati huo ndivyo vinavyoitofautisha asali na maji ya sukari. Nakubaliana nao kabisa. Kukausha masega yaliyokwisha kuzibwa kwa feni kwenye chumba kikavu ili kupunguza asilimia moja ni jambo jingine.

Asali iliyokwisha kuchacha hairudi kuwa asali ya mezani. Codex inasema asali isiwe imeanza kuchacha wala kutoa povu la uchachu. Ukiipasha moto utaua hamira, lakini siki na harufu vitabaki. Ukiichanganya na nzuri utaharibu zote mbili. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu asali ya namna hiyo iuzwe kama asali ya kuokea, ikiwa na jina hilo kwenye lebo. Kwingine kokote, uliza sheria inasemaje kabla ya kuiuza. Usiwalishe nyuki, huwaendesha tumbo.

Kipima maji kinasoma tofauti kila mara

Refraktomita ya mkononi, yaani kipima maji kinachotumia mwanga, ni chombo kizuri kikitunzwa, na ni chombo cha kupotosha kisipotunzwa. Kosa la kawaida ni joto. Jedwali la kubadilisha usomaji kuwa asilimia ya maji limetengenezwa kwa nyuzijoto 20. Chombo kikitoka kwenye gari lililoiva kwa jua kitakuambia uongo, hata kama kimeandikwa kwamba kinajirekebisha chenyewe. Kiache chumbani pamoja na asali nusu saa, weka tone, funga, subiri dakika moja ndipo usome.

Kosa la pili ni kukirekebisha kwa maji yaliyochujwa. Refraktomita ya asali haisomi karibu na maji kabisa, inaanzia kwenye sukari nyingi. Inahitaji mafuta maalumu yanayokuja nayo. Yakipotea, mafuta ya zeituni safi husaidia kukagua kama chombo hakijahama, kwa kuwa husoma karibu na Briksi (kizio cha sukari) 71 hadi 72, ingawa si mbadala wa kudumu.

La tatu ni kupima asali iliyoganda. Chembe za sukari hutawanya mwanga na mstari unakuwa ukungu. Weka asali kidogo kwenye chombo kilichofungwa kabisa, iyeyushe kwenye maji ya nyuzijoto 50, ipoe ikiwa bado imefungwa, kisha koroga pamoja na matone ya maji yaliyoshika chini ya kifuniko. Ukiyaacha matone hayo utapata asali kavu kuliko ilivyo.

Asali imeganda, au imejitenga tabaka mbili

Kuganda si kasoro. Asali ni mmumunyo uliobeba glukosi kuliko maji yake yanavyoweza kuibeba, kwa hiyo mapema au baadaye glukosi hujitoa na kuwa chembe. Asali yenye glukosi nyingi kulinganisha na maji huganda ndani ya wiki. Yenye fruktosi nyingi inaweza kukaa miaka ikiwa maji. Joto la karibu nyuzi 14 ndilo linaloiharakisha zaidi. Mistari myeupe kama ukungu kwenye kuta za chupa ya kioo ni hewa iliyonaswa kati ya chembe, wala si ukungu wa kuvu.

Ila kuna namna moja ya kuganda ninayoiangalia kwa wasiwasi, nayo ni chembe nzito chini na maji mepesi juu. Chembe ya glukosi hubeba maji kidogo, karibu asilimia 9 tu, kwa hiyo inapojitenga inayaacha maji mengine kwenye sehemu iliyobaki. Asali iliyoanza na asilimia 18.5 ikiwa shwari inaweza kuwa na tabaka la juu lenye maji ya kutosha kuchacha. Ukiiona hivyo, pima tabaka la juu peke yake. Likiwa juu ya 19, yeyusha polepole, changanya vizuri na uitumie mapema.

Kuyeyusha: maji ya nyuzijoto 40 hadi 45, chupa imezama hadi shingoni, na subira. Asali hupitisha joto polepole sana. Anayeweka sufuria moja kwa moja juu ya moto huunguza iliyo chini huku ya juu ikiwa bado ngumu, na hapo ndipo tatizo linalofuata huzaliwa.

Majibu ya maabara: HMF imezidi, au diastasi imeshuka

Hapa ndipo mizigo mingi hukataliwa, na ndipo maelezo mengi ya uongo hutolewa. HMF ni kifupisho cha kemikali inayotokea fruktosi inapokaa kwenye asidi pamoja na joto. Asali mpya kutoka mzingani haina kabisa au ina kidogo mno. Diastasi ni kimeng'enya kinachovunja wanga, ambacho nyuki hukiongeza. Joto hilohilo linaloijenga HMF huivunja diastasi. Kwa hiyo namba hizi mbili ni kama saa mbili zinazotembea kinyume, na ukizisoma pamoja zinakuambia historia ya asali.

Codex inaruhusu HMF isizidi miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali iliyotajwa kuwa inatoka maeneo yenye joto la kitropiki. Diastasi isipungue vipimo 8 vya Schade, kizio cha nguvu ya kimeng'enya hicho, au 3 kwa asali ambazo kwa asili zina vimeng'enya vichache.

HMF juu na diastasi chini: imepashwa moto au imezeeka. Ili ujue ni lipi, rudi kwenye kumbukumbu za ghala. Asali iliyowekwa kwenye nyuzijoto 30 huchukua miezi mingi kuvuka 40. Kwenye nyuzijoto 40 ni wiki chache, kwenye 60 ni siku moja au mbili, na kwenye 70 ni saa kadhaa tu. Pipa jeusi lililoachwa juani linaweza kuishi wiki nzima kwenye joto ambalo hakuna mtu angethubutu kuiweka asali yake kwa makusudi. Niliwahi kulifungua pipa lililofungwa mkanda wa umeme wa kupashia joto. Katikati asali ilikuwa na rangi ya majani makavu, lakini pembeni, upana wa vidole viwili kutoka ukutani, ilikuwa kahawia nzito na inanukia sukari iliyoungua. Sampuli ya katikati ingefaulu. Asali yote ilipochanganywa ilianguka.

HMF chini na diastasi chini: usikimbilie kulaumu moto, kwa kuwa moto ungeacha HMF nyingi. Baadhi ya asali, kama za machungwa, zina diastasi kidogo tangu mwanzo. Umoja wa Ulaya unazikubali zikiwa na diastasi 3 ilimradi HMF isizidi 15. Uwezekano wa pili ni kwamba asali imeongezwa sharubati isiyo na vimeng'enya, na wa tatu ni kwamba imepitishwa kwenye mitambo ya kuondoa harufu na rangi, ambayo huiondoa HMF pia. Hapo omba kipimo cha chavua na cha sukari za nje.

HMF ya mamia na diastasi bado ipo: hii ndiyo sura ya sharubati iliyotengenezwa kwa kuchemsha sukari na asidi, ambayo hujaa HMF, ikamiminwa kwenye asali nzuri. Asali ya kweli ikipata joto la kufikisha HMF kiwango hicho isingebaki na diastasi ya maana.

Rangi nyeusi peke yake haithibitishi lolote kati ya haya. Kuna maua yanayotoa asali nyeusi tangu siku ya kwanza, na masega yaliyotumika miaka mingi huitia giza pia.

Sukari ya mezani imezidi, au kipimo cha miwa na mahindi kimeshindwa

Kikomo cha sukrosi ni gramu 5 kwa kila gramu 100. Asali chache, zikiwemo za machungwa na lusani, zinaruhusiwa hadi 10, na za lavenda hadi 15. Ikizidi, tazama namba ya maji kwenye karatasi hiyohiyo.

Sukrosi juu na maji juu ni asali mbichi. Nyuki hawakuwa wamemaliza kuivunja sukari ya mbochi, yaani maji matamu ya maua. Sukrosi juu na maji ya kawaida inataka kipimo cha kaboni. Miwa na mahindi huijenga sukari yao kwa njia tofauti na ile ya mimea mingi inayotembelewa na nyuki, na kaboni nzito iliyomo humo huacha alama. Maabara hulinganisha alama hiyo kwenye asali nzima na kwenye protini ya asali yenyewe. Protini ni shahidi wa ndani kwa kuwa haitoki kwenye sukari iliyoongezwa. Njia hii, inayoitwa AOAC 998.12 kwenye karatasi za maabara, hugundua nyongeza kuanzia takriban asilimia 7.

Ikiwa kipimo cha kaboni kimeshindwa huku sukrosi ikiwa ya kawaida, kuna njia mbili. Huenda ni sharubati ya mahindi iliyochanganywa baada ya kuvuna. Au huenda mfugaji aliwalisha nyuki sukari ya miwa wakati wa njaa, wakaivunja vizuri kwa vimeng'enya vyao, wakaihifadhi kwenye masega yaleyale yaliyovunwa baadaye. Huyu wa pili hakukusudia kudanganya mtu, lakini kwa sheria matokeo ni yaleyale. Tiba yake iko shambani: acha kulisha kabla maua hayajaanza, weka alama kwenye masega yaliyohifadhi sukari, na uyaache ndani ya chumba cha watoto wa nyuki, usiyapandishe kwenye sanduku la asali.

Kipimo cha kaboni kina upofu wake. Sharubati ya mchele na ya kiazisukari hupita bila kuonekana kwa kuwa mimea hiyo huijenga sukari yake kwa njia ileile ya maua yanayotembelewa na nyuki. Ndiyo sababu maabara kubwa huongeza vipimo vya sumaku ya viini vya atomu (NMR) au vya kutafuta sukari ndefu ambazo nyuki hawazitengenezi. Uchunguzi wa Umoja wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2023 ulichukua sampuli 320 za asali iliyoagizwa kutoka nje, na 147 kati yake zilishukiwa. Jibu la "hakuna miwa" si hati ya usafi.

Na sasa yale majaribio ya jikoni. Tone linalozama kwenye glasi ya maji, njiti ya kiberiti iliyochovywa kisha ikawaka, karatasi isiyolowa, tone lisilosambaa kwenye ukucha: yote haya yanapima uzito na ukavu. Sharubati nzito ya sukari hufaulu yote. Asali halali ya maji asilimia 20 huanguka. Lile la sisimizi kutoigusa asali safi ni bora lisahauliwe kabisa, sisimizi hawana ubaguzi huo. Naumia kila ninapomwona mteja akimrudishia mama chupa yake kwa sababu ya njiti ya kiberiti.

Takataka, ladha ya moshi, ladha ya chuma

Vitu visivyoyeyuka visizidi gramu 0.1 kwa gramu 100, au 0.5 kwa asali iliyokamuliwa kwa kuminya masega. Nta na vipande vya nyuki huondoka kwa chujio la kawaida na kutulia kwa siku mbili tatu. Weupe kama maziwa pamoja na ladha ya uchachu wa nyama ni majana, yaani watoto wa nyuki, yaliyominywa pamoja na asali, na hilo chujio haliliponyi. Tenga masega yenye majana kabla ya kukamua. Wala usichuje hadi kuondoa chavua. Asali iliyopoteza sehemu kubwa ya chavua lazima itajwe hivyo kwenye lebo, na umeondoa ushahidi wa ilikotoka.

Moshi ukionjeka kwenye asali, tazama ulichochoma kwenye bomba la kufukizia nyuki moshi. Majani makavu na kinyesi kikavu cha ng'ombe havina shida vikitumiwa kidogo. Matambara yenye mafuta na plastiki huacha sumu, si ladha tu.

Ladha ya chuma hutokana na chombo. Asali ni asidi, pH yake ni karibu 3.9, na inakula mabati na bati lililochubuka. Tumia chuma cha pua au plastiki ya chakula. Pipa lililowahi kubeba rangi au dawa ya shambani halisafishiki. Umoja wa Ulaya unataka risasi isizidi miligramu 0.10 kwa kilo, na chombo kibovu kimoja kinatosha kuivuka namba hiyo.

Mabaki ya dawa

Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulisimamisha asali ya China kwa sababu ya kloramfenikoli, dawa iliyokatazwa kwa wanyama wa chakula. Hadi leo, kwa viuavijasumu Ulaya haijaweka kiwango kinachoruhusiwa ndani ya asali, kwa hiyo kuonekana kwake tu ni tatizo.

Jibu likija na dawa ambayo hukuitumia, usikate tamaa mapema. Uliza nta ya misingi ya masega ilinunuliwa wapi, kwa kuwa nta hubeba dawa za mizinga ya watu wengine. Uliza kama jirani hupulizia miti yake ya matunda streptomaisini, ambayo ni kiuavijasumu. Uliza kama vidonge vya nondo viliwekwa kwenye masega ya akiba. Naftalini huingia ndani ya nta, kisha ndani ya asali.

Kuna jibu moja la kutatanisha zaidi, semikabazaidi. Kwa kawaida ni alama kwamba dawa za kundi la naitrofurani zimetumika. Lakini mwaka 2003 iligundulika kwamba inaweza pia kutoka kwenye mpira wa vifuniko vya chuma vya chupa za kioo, vilivyotengenezwa kwa kemikali ya kuumulia plastiki. Ulaya ikaipiga marufuku kemikali hiyo ya kuumulia kwenye vifungashio mwaka 2005. Ukilipata jibu hilo, pima asali iliyo kwenye pipa, ambayo haijagusa kifuniko. Ikiwa pipa ni safi, badilisha vifuniko.

Mtu ameugua

Mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe asali kabisa, hata ya kulamba kidoleni. Asali iliyofaulu kila kipimo hapo juu inaweza kuwa na mbegu za bakteria Clostridium botulinum, ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda lakini la mtoto mchanga haliwezi. Kuchemsha jikoni hakuziui. Mtoto akifunga choo, akinyonya kwa udhaifu, kope zikalegea na shingo ikakosa nguvu, apelekwe hospitali mara moja na daktari aambiwe kuhusu asali. Andika onyo hilo kwenye kila lebo, hata kama sheria haikulazimishi.

Kwa mtu mzima aliyepata kizunguzungu, kutapika na mapigo ya moyo ya polepole baada ya kula asali ya maeneo yenye maua mengi ya rododendroni, sumu ni ya mbochi yenyewe. Hapo pia ni hospitali, na asali iliyobaki itunzwe kwa uchunguzi.

Maabara mbili, majibu mawili

Kabla ya kumtuhumu yeyote, uliza sampuli ilichukuliwaje. Asali isiyokorogwa ina maji mengi juu na chembe nyingi chini, na mwenye kijiko kifupi na mwenye bomba refu watapeleka vitu viwili tofauti. Changanya pipa lote, chukua juu, katikati na chini, unganisha, kisha gawa mara tatu: ya maabara, ya mnunuzi, na ya akiba iliyofungwa kwa lakiri na kusainiwa na wote wawili. Hakikisha maabara zote mbili zimeidhinishwa kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa kipimo hichohicho na zimetumia njia ileile. Kila kipimo kina ukingo wake wa makosa, kwa hiyo 19.9 na 20.2 zinaweza kuwa jibu moja.

Chupa ya akiba iwe ya kioo, imejaa hadi juu, na ikae gizani kwenye jokofu. Ikikaa dirishani penye jua, HMF yake itapanda mwezi kwa mwezi, na siku mtakapoifungua haitamtetea yeyote.